Upepo wa Kununua

Kompyuta ilizimika wakati Oliva ameinua mkono kumwonyesha Ziada mahali filamu ilipofikia. Kioo kilikuwa na vumbi jekundu na miguu ya wavulana ikicheza. Mara kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule wakajiona wenyewe, wanawake wawili waliovaa masweta, mkono wa mmoja ukiwa bado hewani.

"Imelala tena?" Ziada akauliza.

"Haijalala. Imezimika."

"Kwetu anayezimika hovyo ni mgonjwa, Mama Cuthbert."

"Hata kwetu, Mama Yassini."

Oliva akaiinua, akaweka kiganja chini ya tumbo lake kama anayepima homa ya mtoto, akakiondoa upesi. Ilikuwa Julai, na Newala ya Julai si mahali pa joto. Upepo hupanda kutoka bondeni ukapita juu ya uwanda bila kuzuiwa, na watu hukaa karibu na meko mchana kweupe. Katika chumba kile sakafu ilikuwa baridi, vikombe baridi, hata mbao za kiti. Kitu kimoja tu kilichemka.

Akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaketi, akasimama tena. Ziada alimfuata kwa macho kwa muda, kisha akaaga. Mlangoni akageuka.

"Niambie tu ukweli. Jina la mwanangu bado limo humo?"

"Limo," Oliva akasema. Hakuwa na hakika limo kwa muda gani zaidi.

Oliva amepita miaka arobaini. Babu yake alikuwa mwalimu wa misheni, na yeye mwenyewe huimba alto katika kwaya ya Kianglikana. Kwaya ndiyo iliyomfikisha kwenye kazi hii: alianza kuwapiga wenzake picha za video kwa kamera ya kuazima, akaitwa kwenye harusi moja, kisha nyingine, na sasa ndiye anayeitwa pale wavulana wanapotoka likumbini, yaani kwenye kambi ya jando. Mwanamke haingii likumbi. Oliva haombi kuingia wala haulizi ya ndani. Husubiri nje na akina mama hadi siku ya kutoka, anaonyeshwa pa kusimama, anasimama hapo hapo. Wazee wa eneo lile wamemwamini kwa sababu hiyo kuliko kwa ubora wa picha zake.

Siku ya kutoka, mvulana hupewa jina jipya. La utotoni linaachwa, na kumwita nalo baadaye ni kumtukana. Jina jipya hutangazwa mara moja, mbele ya watu, na mama ambaye hajamwona mwanawe kwa wiki kadhaa hulisikia hapo kwa mara ya kwanza.

Ziada hakulisikia. Alikuwa akitazama miguu ya mwanawe. Aliiona imekuwa myembamba na mirefu, kama ya mtoto wa mtu mwingine, na alipoinua uso vigelegele vilikuwa vimeshapanda na jina limeshapita. Shangazi wa mtoto ndiye aliyemwambia baadaye: Yassini. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Mama Yassini, naye huchelewa kidogo kugeuka.

"Nimeambiwa jina la mwanangu kama ninavyoambiwa bei ya sukari," alimwambia Oliva. "Nataka kulisikia likiitwa."

Oliva alikuwa amesimama palepale alipoonyeshwa, na kamera ililichukua. Wiki iliyofuata aliitwa Tandahimba kwenye shughuli nyingine. Akahamishia picha zote kwenye kompyuta, akafuta kadi za kamera ili zipate nafasi, akaenda. Hivyo jina la Yassini, pamoja na majina ya wenzake wote wa likumbi lile, yalibaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta iliyoanza kuzimika.

Mwanzoni ilizimika baada ya kazi ndefu. Baadaye ilizimika kila ilipofika hatua nzito, ya kuunganisha vipande vyote viwe filamu moja. Sasa ilizimika hata kwa kutazama tu. Oliva alijaribu kunakili picha kwenye flashi. Ikakata katikati, na flashi ikaonyesha vipande visivyofunguka.

Ushauri haukukosekana. Mwalimu jirani alimwambia aondoe kitambaa cha kufuma alichotandika chini ya kompyuta, kwa kuwa kinaziba matundu ya hewa. Akakiondoa, na mashine ikapata nafuu ya siku moja. Mtu wa kwaya akasema ipumzishwe Jumapili kama binadamu. Mumewe, Dastani, mkulima wa korosho, akasema inahitaji kupulizwa.

"Kila kitu kwako ni kupulizwa," Oliva akamwambia.

"Na kila nilichopuliza kimepona. Nenda kaulize mikorosho."

Wakati huo Dastani alikuwa katikati ya msimu wa salfa. Kuanzia Juni, maua yanapokaribia, wakulima wa uwanda huu hupulizia mikorosho unga wa salfa ili isiliwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Hufanya hivyo alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, maana unga hushika vizuri hapo. Dastani hutoka gizani na mashine mgongoni, inanguruma mpaka jua likolee, kisha hurudi akiwa wa manjano kuanzia kofia hadi viatu, akinuka kama kiberiti kilichowashwa. Hukung'uta nguo barazani. Mifuko ya salfa hukaa pembeni mwa baraza hiyohiyo, chini ya dirisha la chumba anachofanyia kazi mkewe. Haikuwahi kuwa hoja. Nusu ya nyumba za mtaa ule hukaa hivyo, na watu hukohoa kidogo wakaendelea na mambo yao.

Oliva akaamua kwenda Masasi.

Gari likamshusha kutoka juu ya uwanda, likapita Chiungutwa, na hapo sweta likaanza kumchoma. Mjini, chini ya milima ile ya mawe, akalivua akalifunga kiunoni. Duka alilokuwa akilijua lilikuwa la mwanamke anayeitwa Kurwa, Mmakua mwenye mdomo usiopumzika, anayeuza chaja, vifuniko vya simu na kila kitu chenye waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Natafuta kitu cha kupoza laptopu. Inachemka mpaka inazimika."

"Unatoka wapi?"

"Newala."

Kurwa akaweka mikono kiunoni. "Ninyi Wamakonde wa juu maji hamna, tumewazoea. Upepo mnao wa bure, unawapeperushia mabati. Leo mmeshuka kununua na upepo?"

"Uza, usiniimbie."

"Nauza huku naimba."

Akapanga vitu vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa kibao kipana chenye feni chini yake. Kompyuta hukaa juu, feni huvuta hewa chini na kuisukuma tumboni mwake. Kilikuwa na taa za bluu. Cha pili kilikuwa kidude kidogo cha kubana ubavuni, kinachofyonza hewa ya moto inapotoka. Cha tatu hakikuwa na feni wala waya. Kilikuwa miguu tu ya chuma, ya kukunja, inayoinua kompyuta ikaacha nafasi chini yake.

"Hiki kinafanya nini?" Oliva aliuliza, akigusa kile cha chuma.

"Kinasimama."

"Basi?"

"Basi. Kimekaa hapa tangu nifungue duka. Watu wanataka taa."

Kile cha kufyonza hakikulingana na matundu ya kompyuta yake, kadiri alivyoyakumbuka. Kompyuta yenyewe aliiacha nyumbani, asije akaitikisa njiani ikafa kabisa. Akawasha kibao cha feni, akashika ncha ya kanga juu yake. Ikapepea vizuri. Akazima, akawasha tena. Aliuliza feni ni za nguvu gani, zinalia kiasi gani, zikiharibika zinabadilishwa wapi. Alitoka hadi mlangoni, akarudi.

"Mama, ni feni, si mchumba," Kurwa akasema.

Akachukua kibao cha feni. Ilikuwa hesabu ya kueleweka: penye joto peleka upepo, na upepo mwingi ni bora kuliko mchache.

Jioni ile kompyuta ilikaa juu ya taa za bluu, ikafanya kazi muda mrefu kuliko ilivyofanya mwezi mzima. Oliva aliunganisha mwanzo wa filamu hadi wavulana wanapoonekana njiani. Akaizima mwenyewe, kwa hiari yake, akalala akiwa na furaha.

Asubuhi aliamka mapema ili awahi ubaridi. Dastani alikuwa ameshatoka, na ngurumo za mashine zilisikika kutoka shambani kwake na kwa jirani. Akafungua dirisha, baridi isaidie feni. Kompyuta ikawaka, ikapiga kelele ambayo hakuwahi kuisikia, ikazimika kabla hajafika kwenye kipande cha kwanza. Akaiacha ipoe, akawasha. Ikazimika upesi zaidi. Mchana hakuweza kuketi. Alifagia palipofagiliwa, akaosha vyombo safi, akaenda mazoezi ya kwaya akaimba sauti isiyo yake hadi kiongozi akamtazama.

Aliporudi alimkuta Dastani uani ameketi kwenye kigoda. Mbele yake, juu ya kigoda kingine, ilikuwa kompyuta. Pembeni ilikuwa mashine ya kupulizia.

"Mama Cuthbert," akasema kabla hajaulizwa, "nimeisafisha."

Oliva akasogea. Kati ya vitufe vya herufi palikuwa na mistari ya manjano.

"Umeipulizia salfa."

"Hapana! Salfa niliimwaga yote kwanza. Nikaiungurumisha tupu. Upepo mtupu."

"Na bomba?"

Dastani akatazama bomba. Mkulima yeyote wa Newala anajua kwamba unga hubaki kwenye mikunjo ya bomba, na kwamba pumzi ya kwanza huutoa wote. Yeye mwenyewe huwakumbusha vibarua wasielekeze bomba kwa mtu wanapowasha.

"Bomba nimelisahau," akasema.

"Picha za watu wote zimo humo, Baba Cuthbert. Watoto wa watu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeungurumisha."

Akaichukua ndani. Hakupiga kelele, jambo ambalo Dastani alisema baadaye lilimtisha zaidi. Aliitandikia kanga mezani, akatafuta brashi laini, akaanza kutoa unga kati ya vitufe, huku akimwandalia mumewe maneno moyoni, moja baada ya jingine. Alipotaka nafasi zaidi, akasogeza kibao cha feni kando. Vidole vikatoka na manjano.

Akakigeuza. Panga za feni zote zilikuwa na utando wa manjano, na wavu wake vilevile, hasa upande wa chini, unaovutia hewa.

Oliva akakaa. Kibao hakikufika uani. Dastani alichukua kompyuta peke yake. Kibao kilibaki mezani muda wote, chini ya dirisha. Bomba halikukifikia. Akatazama dirisha alilolifungua asubuhi, akatazama nje yake, mifuko ya salfa na mahali mumewe anapokung'utia nguo. Akapitisha kidole kwenye kizingiti. Manjano.

Feni alizonunua zilikuwa zikifanya kazi ileile ya mashine ya Dastani. Zilivuta unga chini zikausukuma juu. Tofauti ni kwamba mikorosho ilihitaji. Na kabla ya feni hizo, kompyuta ilikuwa na feni yake ndogo ndani, ambayo imevuta hewa ya chumba kile kwa misimu mingapi, wakati yeye akichagua kufanya kazi asubuhi kwa sababu asubuhi kuna baridi. Saa za baridi ndizo saa za salfa. Hakuna mtu Newala asiyejua hilo. Yeye pia alilijua, ila alilijua kama habari ya mikorosho.

Akaenda mlangoni. Dastani alikuwa bado kwenye kigoda.

"Si wewe peke yako," akamwambia. Hayo tu ndiyo maneno aliyotoa, badala ya yote aliyoyaandaa.

Safari ya pili ya Masasi alibeba kompyuta kifuani, imefungwa kwa kanga mbili na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ziada alikwenda naye. Hakualikwa; alikuwa tu stendi tayari alipofika.

"Kama jina linakufa, lifie mbele yangu," alisema.

Kurwa alipofungua kifuniko cha chini, alirudi nyuma akaziba pua. "Yarabi! Hii ni laptopu au mkorosho?"

Feni ya ndani ilikuwa imevaa blanketi. Mapezi madogo yanayotolea joto yalikuwa yamezibwa kwa tabaka la unga uliogandamana na vumbi jekundu, gumu kama ukoko wa ugali. Kurwa akachokonoa kwa brashi, akapuliza kwa kipira cha mkono, tabaka likatoka kipande kizima. Chini yake, bomba la shaba halikuwa na rangi ya shaba tena. Lilikuwa jeusi.

"Hili silisafishi," akasema. "Salfa imeshaila. Itafanya kazi, lakini usije kunidai mwakani."

"Ifanye kazi leo."

"Na hiki?" Kurwa akainua kibao cha feni kwa vidole viwili.

"Nakirudisha. Nipe kile kinachosimama."

"Kitu kilichotumika mpaka kimebadilika rangi, mama?"

"Umesema kile cha chuma hakina mnunuzi. Mimi ndiye mnunuzi wake. Hiki kipanguse, uwauzie watu wa Masasi, ninyi hamna salfa sebuleni."

"Tuna korosho pia!"

"Mnazo. Ila kelele zenu ni nyingi kuliko mikorosho."

Kurwa akacheka kwa sauti, akatazama kibao, akatazama ile miguu ya chuma iliyojaa vumbi la dukani. "Chukua. Ila kazi yako uimalizie hapa. Nataka kuona kama kusimama kunapoza."

Wakafunga mlango wa upande wa barabarani. Kompyuta ikakaa kwenye miguu ya chuma, tumbo wazi juu ya kaunta tupu. Oliva akanunua flashi kubwa, na kabla ya jambo jingine akanakili picha zote. Ziada akahesabu pumzi zake kwa tasbihi. Oliva alizunguka kaunta, akaweka kiganja chini, akakitoa, akakirudisha. Palikuwa na moto, lakini moto wa chai, si wa kaa. Picha zikafika zote. Akafungua kipande kimoja kwenye flashi, akahakikisha kinacheza, akaipa Ziada aishike. Hapo tu ndipo akaanza kuunganisha filamu.

Wateja wawili waligonga mlango, Kurwa akawafukuza. Alama ya kazi ikasogea kwenye kioo, ikasimama, ikasogea. Sauti ya feni ya ndani ikapanda, Oliva akafumba macho, ikashuka. Filamu ikakamilika.

"Peleka pale," Ziada akasema.

Oliva akapeleka. Vumbi, ngoma, wavulana wamejipanga na nguo mpya. Upande wa kushoto wa picha alionekana Ziada mwenyewe ameinamisha kichwa. Mzee akasogea kwa mvulana mrefu, akamshika bega, akatamka jina kwa sauti kavu isiyo na haraka. Vigelegele vikafuata.

Kurwa akasema, "Eti hukusikia? Kalitamka kama anaita mtu ng'ambo ya mto!"

Ziada akasogea karibu na kioo. "Rudisha," akamwambia Oliva. Akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu mzee aliposema Yassini, Ziada aliitika, kwa sauti ndogo, kana kwamba ndiye aliyeitwa.

Siku hizi mifuko ya salfa imehamia kibanda cha nyuma, na Dastani hukung'utia nguo chini ya mikorosho, akilalamika kwamba anafukuzwa na kompyuta. Lakini majirani wanapulizia pia, na hewa ya uwanda haina ukuta. Kwa hiyo msimu ukiwa umekolea, asubuhi, dirisha linafungwa. Kompyuta inakaa juu ya miguu yake ya chuma, imefunikwa kanga, na Oliva haigusi katika saa zote za baridi, saa nzuri kuliko zote za kazi. Kazi ataifanya mchana, jua likiwa juu ya bati, kiganja kikienda na kurudi chini ya mashine ambayo shaba yake imeshakuwa nyeusi na ambayo hajui kama itafika Desemba, makumbi mengine yatakapofunguliwa.

Anafagia. Anakunja nguo zilizokunjwa. Anaketi karibu na dirisha lililofungwa, vidole vikigonga meza, akisikiliza mashine ya mumewe ikizunguka mkorosho baada ya mkorosho, kisha ya jirani, kisha ya mbali zaidi. Ya mwisho inaponyamaza anasimama, anangoja kidogo, anapitisha kidole kwenye kizingiti na kukitazama. Kikiwa safi, anavuta kanga.